Mpini Haukulegea

Kwa miaka minane nimekisimulia kisa hiki kwa namna moja: kwamba mpini wa barong ulikuwa umelegea, ndipo upanga ukanigeuka mkononi na kumkata mwenyeji wangu. Si kweli. Leo nakieleza kilivyokuwa.

Mimi nimekulia Lamu, na fimbo niliijua kwa kirumbizi. Zumari inalia, ngoma inapigwa, wanaume wawili wanaingia uwanjani, na watu wanangoja ule mlio wa fimbo kugonga fimbo. Nilipoingia ubaharia, nikapangwa meli moja na serahangi mwenyeji wa Cebu, Ufilipino, aliyefanya mazoezi ya eskrima, sanaa ya kwao ya kupigana kwa fimbo na visu, kila jioni akimaliza zamu. Alinipa henzirani ya sentimita 70 hivi. Nikaigonga ya kwake kwa nguvu zangu zote, kama nilivyozoea nyumbani. Yeye akanigonga vidole. Kwao, alisema, fimbo ya mwenzako haitafutwi. Unaotafutwa ni mkono ulioishika.

Nilijifunza kwake mikataba miwili. Mapigo 12, kila pigo na namba yake na pembe yake. Redonda, fimbo inazunguka na kurudi palepale. Sinawali, fimbo mbili zinapishana kama miaa mikononi mwa msuka mkeka. Jina limetoka kwenye sawali, mianzi iliyosukwa ya kuzungushia nyumba. Espada y daga, upanga mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Majina mengi ni ya Kihispania, kwani Wahispania waliitawala Cebu zaidi ya miaka 300. Serahangi alijivunia sana kwamba mwaka 2009 sheria ya nchi yake iliutangaza arnis, jina jingine la sanaa hiyohiyo, kuwa mchezo wa taifa.

Katika eskrima silaha hutangulia, mikono mitupu hufuata, na walimu husema mwendo ni mmoja, ushike fimbo, kisu au upanga. Neno hilo ni kweli kwa aliyezishika silaha zote. Mimi nilikuwa nimeshika henzirani tu, nikaona inatosha.

Melini tulikuwa pia na fundi wa injini, mtu wa kabila la Tausug kutoka visiwa vya Sulu. Ni Mwislamu, tukisali pamoja. Tulipopata likizo alinialika kwao Zamboanga, na baada ya chakula akaniletea barong ya babu yake. Ni upanga mfupi wenye umbo la jani, makali upande mmoja, mgongo mnene, na mpini uliochongwa kama kichwa cha ndege. Akanikabidhi akaniambia, “Tazama, ndugu yangu, lakini usiuzungushe.”

Nikauzungusha. Nilitaka aone kwamba mgeni wake anazijua silaha za Ufilipino.

Henzirani ni mviringo. Ikibiringika kiganjani hupotezi kitu, maana inapiga sawasawa pande zote, na mkono unazoea kuilegeza ili izunguke upesi. Mkono uliolelewa hivyo haujui makali yako wapi. Barong uzito wake uko mbele, pale jani linapotanuka, na mpini wake uliopinda unataka kushikwa barabara, kwa pigo la kukata. Nilipoushika kwa vidole vilivyolegea, mzunguko wa pili ukanishinda. Upanga ukageuka, ukaenda kushoto, ukamkata mwenzangu mkono chini ya kiwiko. Alishonwa nyuzi kumi na moja.

Damu ikiwa bado inatoka, nikasema mpini umelegea. Aliniamini, kwa kuwa tulikuwa tumesali safu moja miaka miwili.

Hata kwetu, mcheza kirumbizi hachomoi jambia la Mwomani kiunoni mwake akaanza kulichezesha. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Lakini kwa kuwa Cebu na Sulu ziko chini ya bendera moja, nilichukulia kwamba fimbo ya huku ni ruhusa ya upanga wa kule. Sulu walikuwa na usultani wao, wana silat, sanaa yao ya kupigana, na upanga ule ulikuwa na wenyewe, nao walikuwa wamenikataza.

Kosa halikuishia kwenye jeraha. Kwa ajili ya neno langu, mpini ule wa zamani uling’olewa ukatiwa mpya. Fundi aliniandikia habari hiyo kwa furaha, akinihakikishia kwamba sasa upanga uko salama. Nikamjibu kwamba vyema.

Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwambia kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwandikie baba yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeandika.

Nanyi mabaharia wenzangu niliowahadithia kisa hiki, nawaomba msikirudie kama nilivyowapa. Mpini ulikuwa mzima.