Busawe: Mgeni wa Siku ya Tatu

Ukitoka Tarime mjini kwenda Mugumu, barabara inapanda Nyamwaga, inapita Nyamongo kwenye dhahabu ya North Mara, kisha inateremka hadi Mto Mara. Maji hayo yametoka Kenya, kwenye msitu wa Mau, yamekata Maasai Mara na pembe ya kaskazini ya Serengeti, na bado yana safari hadi Ziwa Victoria karibu na Musoma. Abiria wa Noah huyatupia jicho mara moja, wakarudi kwenye simu zao. Ng'ambo ya daraja ni Wilaya ya Serengeti, na humo ndimo ilimo kata ya Busawe, upande wa Wangoreme, ndugu na majirani wa Wakurya.

Hakuna bango la kumkaribisha mtalii. Kuna vilima vyenye mawe makubwa ya kijivu yaliyobebana, mashamba ya mihogo, mtama, ulezi na mahindi, na njia za ng'ombe zilizochimbika hadi kuwa mifereji. Asubuhi baada ya mvua udongo hunukia, na mbingu huonekana pana kuliko kawaida. Jioni ng'ombe wakirudi, vumbi lao hugeuka dhahabu, na ukisimama njiani lazima uwapishe, uwe nani.

Niliwakuta kina mama wakianika muhogo juu ya mwamba. Jiwe hilo huwaka jua tangu asubuhi, halina mchanga, na kuku hawalipandi ovyo. Vipande vimepangwa kimoja kimoja, vikageuzwa kwa mkono. Nikamwamkia mkubwa wao shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniita mura kama wanavyoitwa vijana wote wa huku, akauliza nimetoka kwa nani. Si nimetoka wapi, kwa nani. Mchana nikala ugali wa unga huohuo uliochanganywa na mtama, mweusi kidogo, unaovutika, pamoja na mtindi wa kibuyu wenye harufu ya moshi. Nimekula kwenye hoteli zenye nyota nyingi ukutani, sikumbuki nilichokula. Huu ugali naukumbuka.

Swali likaja baada ya chakula: nitalala wapi? Jibu ni Mugumu, gesti. Kitanda, neti, ndoo ya maji, runinga ya mapokezi inayopiga kelele hadi usiku wa manane. Ama niwe na dola, niende upande wa Grumeti, ambako kampuni ya Singita inaendesha loji ya Sasakwa na nyinginezo: usiku mmoja kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 1,000. Kati ya gesti na Sasakwa pana nafasi kubwa, na naamini mahali kama Busawe pangeweza kuijaza kwa hoteli ndogo, vyumba sita au vinane, yenye sura ya hapohapo na mwenye nyumba anayejulikana.

Biashara ya namna hiyo si ngeni kwetu. Hoteli ya Peponi ya Shela, Lamu, imekuwa mikononi mwa familia moja tangu 1967, na umaarufu wake hautokani na ukubwa. Unguja, Mmarekani Emerson Skeens alihamia mwaka 1989, akazikarabati nyumba za kale za Mji Mkongwe zilizokuwa zikielekea kuanguka. Juu ya paa la mojawapo, ya Hurumzi, wageni wakala chakula cha jioni wamekaa chini kwenye mazulia, adhana zikijibizana kutoka misikiti ya jirani. Hakuwaletea New York. Aliwauzia Unguja yenyewe, kwa shuka safi na maji ya uhakika.

Busawe haina majumba ya kale ya mawe, lakini ina msonge. Nyumba ya duara ya udongo, paa la nyasi lililoshuka chini, hupoa mchana wa jua kali kuliko chumba chochote cha bati. Ijengwe kwa tofali za kuchoma za mafundi wa hapa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, bafu ndani. Kihenge kiwekwe uani, kiwe na nafaka kweli, kisiwe pambo. Usiku mmoja kwa wiki apigiwe mgeni iritungu, zeze kubwa la Wakurya la nyuzi nane, na mpigaji alipwe ujira wake siku hiyohiyo.

Hayo ni mapenzi. Sasa hesabu. Tuseme vyumba sita kwa shilingi 80,000. Kwa siku 30 ni vyumba 180 vya kuuza. Vikijaa nusu, umeingiza shilingi 7,200,000. Toa wahudumu, mpishi na mlinzi. Toa chakula, maji ya kujaza simtanki wakati wa kiangazi, sola na mafuta ya jenereta. Toa kamisheni ya tovuti za kuwekea nafasi, asilimia 15 hivi. Ukivuka kiwango cha mauzo kilichowekwa, VAT ya asilimia 18 nayo inakuja. Kinachobaki ni cha kuishi, si cha kununulia V8. Na nusu hiyo haiji kila mwezi: masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa tope na wageni huadimika. Anayekopa benki kwa kuhesabu Agosti peke yake ataulipa mkopo kwa machozi ya Aprili.

Makaratasi nayo yana mpangilio wake. Ardhi ndiyo ya kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi, na jambo kubwa hupelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Kijana wa Busawe mwenye eneo la ukoo ana heri: apate hati ya hakimiliki ya kimila kabla hajasogeza tofali, wazee na ndugu wakishuhudia mipaka, maana kesi ya ukoo huua hoteli kuliko ukosefu wa wageni. Kisha BRELA kwa jina, TRA kwa TIN, NEMC kwa mazingira, halmashauri ya wilaya kwa leseni ya biashara, wizara kwa leseni ya utalii.

Na mgeni aje kufanya nini? Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani lazima wauze simba. Simba wana mwenyewe, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763. Mgeni akitoka huko ameshashiba wanyama kwa madirisha ya gari. Amechoka kukaa. Anataka kutembea kwa miguu, kusalimiwa, kujua watu wanaoishi pembeni ya hifadhi wanalima nini, wazee wao wanaombaje mvua, wanawaonaje tembo wanaovamia mashamba.

Nyerere, aliyezaliwa Butiama, mkoa huuhuu, aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alikuwa akikemea unyonyaji. Mwenye hoteli ya Busawe anaweza kuichukua ilivyo. Siku ya kwanza mgeni alale, siku ya pili apelekwe mtoni na sokoni, siku ya tatu apewe jembe kweli: apalilie ulezi na mama mwenye shamba hadi jua liwe kali, aanike muhogo mwambani, ale alichokitolea jasho. Atalipia siku hiyo, sehemu ya malipo iende kwa mwenye shamba, na hiyo ndiyo siku atakayoisimulia kwao.

Nenda kati ya Julai na Oktoba, barabara zikiwa kavu na nyumbu wakiwa upande wa kaskazini. Piga hodi kwanza ofisi ya kijiji, ueleze shida yako. Usiingie mashambani mwa watu na kamera. Ukiulizwa umetoka kwa nani, taja aliyekuelekeza. Kwa sasa bado utalala Mugumu. Eneo lipo, mafundi wapo, na chakula kimeshapikwa. Amebaki mtoto wa Busawe mwenye subira ya miaka mitano na daftari la hesabu, aanze na msonge mmoja.