Mkongo, Mkola, Mbambakofi

Kiangazi cha 1988 nilikuwa karani wa kuhesabu miti katika misitu ya ndani ya Kilwa. Wenzangu walivuta kamba, wakazungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, wakanitajia kipenyo nami nikaandika. Jina la mti lilitoka kwa mzee wa kijijini tuliyemlipa posho ya siku. Majani yalikuwa yamepukutika, basi alikwangua gome kwa panga, akanusa, akatamka, akarudi kwenye ugoro wake.

Kundi la pili liliongozwa na mtu wa Tabora ambaye hakupenda kuelekezwa. Jioni moja, tukijumlisha fomu kwa taa ya chemli, nikaona kwao hakuna mkongo hata mmoja, ila mikola 17. Kwetu mikongo 23, mkola hakuna. Mpishi wetu, aliyewahi kumsaidia fundi wa milango kule Lamu, akauliza kama tumekuta mbambakofi. Tukamwambia huku hakuna.

Mzee alisikia yote, akaenda zake kulala. Asubuhi akaja na ganda nene kama ubao, limepasuka katikati. Ndani mbegu zimelala kila moja kwenye kijumba chake, nyeusi za kung'aa, na kikofia chekundu kichwani.

"Haya," akasema, "kila mtu aseme kwao wanaitaje."

Wakatazamana, wakacheka. Wote walizichezea utotoni.

Ganda tulilifunga kwenye gazeti pamoja na kijiti chake, likapelekwa kwa mtaalamu wa mimea, likarudi na jina moja: Afzelia quanzensis. Lakini taarifa ilikuwa imeshachapwa. Mti wenye mashina 40 ulisomeka kama miti miwili, na mpango wa uvunaji hufuata jina lililoandikwa, haufuati gome.

Hilo walilisahihisha baadaye. Kuna jingine ambalo sikumwambia mtu. Mzee alijua miti ya mbao, ya dawa, ya mipini na ya asali, iliyobaki aliniambia, "Huo ni mti tu, mwanangu, andika unavyotaka." Na misitu ile ya pwani ina mimea isiyoota kwingine kokote duniani. Fomu ilikuwa na safu ya mwisho, "Mingineyo". Katika ploti nyingi ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote, na mwandiko ni wangu.