Uzi wa Chini

Viola ina mwili mdogo kuliko sauti inayodaiwa kuitoa. Hesabu yake si ngumu. Fidla, mdogo wake, ina mwili wa sentimita 35.5 hivi. Viola huimba noti tano chini ya fidla, yaani kwa uwiano wa tatu kwa mbili. Ili mwili wake uzipokee noti za chini kama fidla inavyozipokea zake, ungehitaji urefu wa sentimita 53. Sasa nani ataweka kitu hicho begani na bado avifikie vidole vyake kule mbele? Mafundi wamekuwa wakipatana bei na mkono wa binadamu tangu karne ya 16, na mpaka leo hakuna kipimo kimoja. Utakuta viola ya sentimita 38, utakuta ya 43. Katika miaka ya 1930, Lionel Tertis, mpiga viola Mwingereza, alibuni umbo lake la inchi 16 na robo tatu, akitafuta sauti nene ya chini ambayo haitamvunja mpigaji bega.

Pale mwili unapopungua, nyuzi ndizo zinazobeba. Ndiyo maana mpiga fidla anaweza kununua nyuzi kama anavyonunua sabuni, lakini mpiga viola hukaa mwezi mzima akiwaza. Mimi nilikaa miwili.

Nilikuwa na sababu. Tulikuwa wanne: fidla mbili, viola yangu na selo, kila Jumamosi jioni kwenye sebule ya mmoja wetu Sinza, feni imezimwa ili karatasi za noti zisipeperuke. Hakuna hata mmoja anayekula kwa muziki. Mhasibu, mwalimu wa sekondari, mwandishi wa habari na mtumishi wa wizara. Serikali ilipohamia Dodoma, wizara ilihama, na selo ikahama nayo. Tulimsindikiza stendi, yeye na sanduku lake refu alilolikatia tiketi ya siti yake lenyewe, tukarudi mjini bila kusemeshana.

Kikundi cha nyuzi bila selo ni nyumba bila sakafu. Jumamosi mbili tulikutana tukanywa chai tu. Ya tatu mhasibu akaja na noti za Terzetto ya Dvořák, ya mwaka 1887, iliyoandikwa kwa fidla mbili na viola, basi. Dvořák mwenyewe alikuwa mpiga viola. Kabla jina lake halijavuma alikaa miaka kwenye okestra ya jumba la maonyesho huko Prague akipiga ala hiyohiyo. Terzetto aliiandika ili apige nyumbani na jirani yake mwanafunzi wa kemia na mwalimu wa fidla wa kijana huyo. Nilipoona hivyo nilicheka. Watu watatu sebuleni, mmoja wao si mwanamuziki wa kazi. Ni sisi hao.

Ila kuna jambo. Kazi hiyo iko katika C, na uzi wa chini kabisa wa viola ni C. Kwa hiyo kila wenzangu wanapotaka mahali pa kusimama, wanasimama juu ya uzi wangu mmoja. Na uzi huo kwenye viola yangu ulikuwa unasikika kama mtu anayeongea amejifunika shuka. Nyuzi zilikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa na pesa ya seti moja, na mtu mmoja aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya mwisho wa mwezi akakubali kuibeba kwenye begi lake. Nikichagua vibaya, mpaka mwakani. Na sikuona kama tungefika mwakani tukinywa chai.

Basi nikaanza kusoma.

Sheria ya uzi ni ya zamani. Mwaka 1636 Marin Mersenne, padri wa Kifaransa, aliandika kwamba kimo cha sauti ya uzi kinategemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake na mkazo wake. Ukiufupisha uzi, sauti inapanda. Ukiukaza, inapanda, lakini kwa ubahili: ili uzi uleule upande oktava nzima lazima mkazo uwe mara nne. Ukiuongezea uzito, sauti inashuka.

Kwenye viola urefu umeshaamuliwa na mkono wa binadamu. Kwa hiyo ili uzi wa C utoe noti yake, mitetemo kama 131 kwa sekunde, una njia mbili tu. Ama uulegeze, ama uufanye mzito. Ukiulegeza mno unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, upinde unateleza juu yake na noti inachelewa. Ukiufanya mzito kwa kuunenepesha unakuwa mgumu, hauitiki ukiguswa taratibu. Karne ya 17 watu walipata ujanja: wakauzungushia utumbo waya wa madini. Uzito ukaongezeka, unene haukuongezeka sana, na ulaini wa kiini ukabaki.

Tangu hapo kila uzi wa chini una hadithi mbili: kiini cha ndani na waya wa nje. Aluminiamu ni nyepesi. Fedha ina uzito karibu mara nne ya aluminiamu kwa ujazo uleule, na tungsteni mara saba, sawa na dhahabu. Uzi wa C wa tungsteni unaweza kuwa mwembamba kuliko wa fedha na bado ukashuka mpaka kwenye noti yake.

Mkazo ndio uliowagawa watu niliowauliza. Nyuzi nyingi huuzwa kwa daraja tatu: hafifu, wa kati na mkali. Kila uzi wa viola huvuta kilo kadhaa, na zote nne kwa pamoja huweza kupita kilo ishirini, mchana na usiku, hata ala ikiwa imelala kwenye sanduku. Sehemu ya mvuto huo hushuka kupitia kile kibao kilichosimama katikati, kinachoitwa daraja, na kukandamiza ubao wa juu. Karibu kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua mkali, selo haipo, unahitaji nguvu. Lina mantiki. Uzi uliokazwa hubeba mkono mzito wa upinde bila kukwaruza na sauti yake hufika mbali.

Lakini viola yangu ina ufa. Si wa leo. Uliunganishwa vizuri kabla sijainunua, upande wa kushoto wa ubao wa juu, chini kidogo ya daraja, upande uleule unaobeba uzi wa C. Tena ni viola ndefu kidogo. Nikapiga hesabu: uzi uleule, noti ileile, ukihamishwa kutoka sehemu inayotetema ya sentimita 36 kwenda sentimita 38, mkazo unapanda kwa asilimia 11. Maana yake uzi ulioandikwa "wa kati" kwenye pakiti ukifika kwangu umeshakaribia ukali. Mkali ukifika kwangu utakuwa nini? Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pangu napajua.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani, mzee wa Unguja aliyepiga fidla kwenye vikundi vya taarabu tangu ujana wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Na hilo lifidla lako, lazima?"

Nikamweleza yote: selo, Dodoma, Dvořák, ufa, hesabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wataka sauti ama wataka kelele?"

Nikasema nataka isikike.

"Sikiza. Uzi hauna sauti. Sauti iko kwenye ubao, uzi wauamsha tu. Ukikaza mno utausikia uzi, hutausikia ubao. Na chombo cha kale, mwanangu, chombelezwa, hakisukumwi."

Baadaye nikakuta mafundi wa ala wanasema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi: mkazo ukizidi kiwango fulani, ubao wa juu hauna tena nafasi ya kutetema, na badala ya sauti kukua inabanwa. Kila ala ina kiwango chake. Pakiti haikijui.

Ikabaki habari ya kiini, na hapa Dar es Salaam iliniamulia nusu ya kazi. Viini ni vya aina tatu. Kuna utumbo wa kondoo, ule wa asili, wenye sauti yenye tabaka nyingi, kama sauti ya mtu mzima anayesimulia. Niliwahi kuupiga kwenye ala ya mtu mwingine na sijasahau. Ila utumbo hunywa unyevu. Masika inapoanza, hata mlango wa kabati unavimba, seuze utumbo. "Utumbo na bahari havipatani," mwalimu alisema, na yeye ameishi hatua chache kutoka majini maisha yake yote.

Kuna chuma. Kiini cha chuma, mara nyingi nyaya nyembamba zilizosokotwa pamoja, hakijali mvua wala jua. Huitika upesi, noti huanza palepale unapogusa. Kosa lake, kwa sikio langu, ni kwamba kwenye nyuzi za katikati husema kitu kimoja tu, kwa uwazi mkubwa, bila kumung'unya.

Na kuna sintetiki. Mwaka 1970 kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ilitoa nyuzi za Dominant, zenye kiini cha nyuzinyuzi za Perlon, aina ya nailoni. Zilitafuta joto la utumbo bila hasira zake, na zikaenea kiasi kwamba wanafunzi wengi wa leo huanza nazo bila kujua kwamba kulikuwa na maisha kabla yake. Sintetiki hutaka siku chache za kunyooka kabla ya kutulia, kisha hukaa.

Nilichokuja kukielewa katika miezi ile miwili ni kwamba hakuna anayekulazimisha kuwa wa dini moja. Wapiga viola wengi huchanganya. Uzi wa juu, A, mara nyingi huwa wa chuma, kwa sababu kwenye mwili ule wa maelewano A huelekea kusikika kama unaongelea puani. Nyuzi za katikati huwa sintetiki. C inaweza kurudi kwenye chuma kilichosokotwa kilichozungushiwa fedha au tungsteni, ili iamke haraka. Kila uzi unapewa kiini kinacholingana na kazi yake, halafu unaangalia kama wanne hao wanaweza kukaa nyumba moja.

Nikaagiza hivi: A ya chuma, D na G za sintetiki za mkazo hafifu, na C ya kiini cha chuma yenye waya wa tungsteni, nayo ya mkazo mdogo kuliko yote niliyoiona. Aliyenibebea alinipigia simu kuuliza kama nina hakika, maana muuzaji alimshauri achukue mkali. Nikamwambia nina hakika.

Nilizifunga moja baada ya nyingine, usiziondoe zote kwa pamoja, maana daraja na kile kijiti cha ndani husimama kwa sababu ya mvuto wenyewe. Siku nne za mwanzo D na G zilikuwa zinashuka kila baada ya dakika kumi. Ya tano zikatulia. Nikavuta upinde kwenye C peke yake, taratibu, bila kukandamiza. Ilianza mara moja, nyembamba kidogo kuliko nilivyotarajia, halafu ubao ukaamka chini yake na noti ikapanuka mpaka nikaisikia kwenye mfupa wa shingo. Nikaukagua ule ufa kwa tochi ya simu. Umefunga.

Jumamosi tulipiga Terzetto kuanzia mwanzo. Ilinibidi nijifunze upya mkono wa kulia. Uzi wa mkazo hafifu hauvumilii ubabe. Unataka upinde uende kasi zaidi na uzito upungue, na ukisahau unakukumbusha kwa kukwaruza. Kwenye sehemu ya pili, ile Larghetto, wenzangu walikaa juu ya noti zangu na hazikuzama. Hatukuwa na sauti ya watu wanne. Tulikuwa na sauti ya watu watatu waliokamilika, na mhasibu, ambaye hasifii ovyo, alisema turudie.

Tulirekodi kwa simu tukamtumia mwenzetu Dodoma. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaandika: "Larghetto mnakimbia. Chini pako sawa." Nilisoma ile sentensi ya pili mara kadhaa.

Kazini kwangu kila kichwa cha habari kinatakiwa kikazwe. Mhariri anataka kitenzi kikali, namba kubwa, neno "mshtuko" kama linawezekana. Sina ugomvi naye, ndiyo biashara. Ila siku hizi nikiandika nauliza swali la mwalimu: hapa msomaji anasikia uzi, au anasikia ubao? Habari nyingine ina mwili mdogo kuliko sauti tunayotaka kuitoa, na ukiikaza zaidi ya hapo itapasuka pale palipounganishwa.

Nyuzi hizi zitachakaa kama zilizotangulia. Kwa jasho langu na chumvi ya hewa ya hapa nazipa mwaka. Mwakani nitapiga hesabu upya, maana ala inabadilika, mkono unabadilika, na huenda wizara ikampa mwenzetu likizo ndefu. Akija, C yangu itapumzika kidogo. Kwa sasa inafanya kazi ya sakafu, kwa kilo chache kuliko walizonishauri.