Snape, Neville na Walimu Tunaokwenda Kuwa

Chumbani kwetu tuko wanne na kila mmoja ana kitivo chake: Sheria, Uhandisi, Uhasibu, na mimi wa Elimu. Tunachangia ndoo, pasi na wakati mwingine hata bando. Jambo moja tu limetushinda kukubaliana muhula mzima: katika vitabu saba vya Harry Potter, nani anastahili heshima kuliko wote? Ilianza kama utani siku umeme ulipokatika. Sasa imefika mahali mtu anakuamsha saa sita usiku kukupa hoja aliyoikumbuka.

Kwa ambao hawajasoma: J. K. Rowling alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1997 na cha mwisho 2007. Ni habari za Hogwarts, shule ya bweni ya Uingereza inayofundisha uchawi (mama yangu asisikie). Ukiondoa fimbo na mizimu, ni shule kama tulizosoma wengi wetu. Kuna mabweni yanayoshindana kwa pointi, kuna bwalo la chakula, na kuna mwalimu ambaye akitokea tu mlangoni darasa zima kimya.

Injinia ni wa Hermione, na wala habishani sana. Anasema bila yule binti wale vijana wawili wasingefika kitabu cha pili, maana kazi za darasani wanategea kwake na mafumbo anayafumbua yeye. Mhasibu ameona filamu tu, zote nane, na kura yake ni kwa Dobby, yule mtumwa mdogo wa nyumbani aliyepata uhuru kwa soksi moja. Tunamcheka, lakini hajawahi kuyumba.

Mwanasheria ni wa Snape. Hapo ndipo vita ilipo.

Sitaki mtu aseme nimemnyima haki ya kusikilizwa, kwa hiyo hoja yake ni hii. Severus Snape, mwalimu wa dawa za kichawi, ni mtu tunayemchukia karibu hadithi nzima, halafu mwishoni tunagundua kumbe alikuwa jasusi wa upande wa haki. Alimpenda Lily, mama yake Harry, tangu utotoni. Lily alipouawa, Snape akatumia maisha yake yote yaliyobaki kumlinda mtoto wake, tena mtoto mwenye sura ya baba ambaye Snape alimchukia. Aliishi jirani na kifo, hakuna aliyemshukuru, na akafa huku watu wakimwita msaliti. "Wewe ungeweza?" Mwanasheria ananiuliza. Siwezi. Ujasiri ule nakubali si wa kawaida.

Lakini mimi nasomea ualimu. Kila nikifika kwenye vipindi vya Snape macho yangu yanamtafuta Neville Longbottom.

Neville amelelewa na bibi yake, kwa sababu wazazi wake waliteswa kwa uchawi mpaka wakapoteza akili. Wako hospitalini na hawamtambui. Ni msahaulifu, mikono inamtetemeka, kwa lugha yetu ya shule ni kilaza. Snape anamdhihaki mbele ya wenzake kipindi baada ya kipindi. Siku moja anamtishia kwamba dawa yake ataijaribu kwa chura wake anayempenda, na kama ameikosea, shauri yake.

Katika kitabu cha tatu darasa linakutana na kiumbe anayejigeuza kuwa kile unachokiogopa kuliko vyote. Ron anaona buibui mkubwa. Neville, ambaye wazazi wake waliangamizwa na wafuasi wa Voldemort, anamwona mwalimu wake. Na muda mfupi kabla ya hapo Snape amemwonya mwalimu mwenzake, Lupin, mbele ya darasa zima, asimpe Neville kazi yoyote ngumu. Lupin anachofanya ni kumwita Neville awe wa kwanza. Na Neville anaweza.

Kuna sehemu nyingine ambayo wengi wanaipita haraka. Kitabu cha tano, mtihani mkubwa wa dawa, Snape hayupo ukumbini. Neville anaonekana ana furaha kuliko siku zote za somo lile. Mtoto yule yule, somo lile lile. Aliyepungua ni mwalimu mmoja.

"Ukali si ubaya," Mwanasheria anasema. "Mimi bila yule mwalimu aliyekuwa anatutukana kila siku, nisingekuwa hapa."

Hoja hiyo naijua vizuri, maana nusu ya chuo inaitoa. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa anasoma matokeo kuanzia juu kushuka chini. Akifika chini ya 30 anasema, "Vilaza wasimame." Tunasimama mpaka kipindi kiishe. Nilisimama na rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Nilichojifunza pale si Hisabati, nilijifunza kutoonekana: usinyooshe kidole, usiulize, inama kama unaandika. Rafiki yangu alijifunza hayo kuliko mimi. Aliishia kidato cha nne. Leo ana genge kwao, na ukimpa noti ya elfu kumi kwa vitu vitano vya bei tofauti, chenji inakufikia kabla hujafunga pochi.

Sisemi ni mwalimu yule peke yake, hali ya nyumbani nayo ilikuwepo. Ila sijawahi kusikia mtu akimwita rafiki yangu aje kutoa ushuhuda wa faida za kuitwa kilaza. Ushuhuda huo tunautoa sisi tuliofika chuo. Waliokata tamaa hawapo hapa kutubishia.

Mwanasheria alikaa kimya siku mbili, akarudi na ushahidi mpya. Kitabu cha saba, Snape sasa ni mkuu wa shule. Neville na wenzake wawili wanakamatwa wakijaribu kuiba upanga ofisini kwake. Adhabu yao? Kwenda kufanya kazi msituni na Hagrid, mtu anayewapenda. "Si unaona? Aliwakinga."

Ni kweli, na hoja ni nzuri. Lakini mwaka huo huo walimu wawili wapya wanawaamuru wanafunzi wawafanyie wenzao waliopewa adhabu laana ya mateso, ile ile iliyowaharibu wazazi wa Neville. Neville anakataa. Wanamuumiza, uso unajaa majeraha, na bado hakubali. Mwishoni anamkata kichwa nyoka wa Voldemort, yule yule aliyemuua Snape, na mashabiki wengi wanamkumbuka kwa upanga. Mimi namkumbuka kwa kule kukataa. Huyu ni kijana aliyeonewa na mwalimu miaka mitano. Siku alipopewa ruhusa ya kuonea wengine, alisema hapana. Na baadaye akarudi shule ile ile, akawa mwalimu wa mimea.

Hapo ndipo penye kazi kwetu wa Elimu. Tulichapwa, tunachapa. Tulitukanwa, tunatukana, halafu tunaita malezi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Maneno hayana wa kuyahesabu.

Mwaka jana kwenye TP nilipewa darasa la wanafunzi 84. Siku ya kwanza, ofisini, niliambiwa kuhusu kijana mmoja, "Huyo usijisumbue naye, ticha." Wiki ya pili tulikuwa na igizo, nikampa nafasi ya msimulizi, ambaye ndiye anayeanza. Alikuwa na mistari minne. Sauti ilimkauka kwenye wa tatu, na wachache wakacheka. Nikasubiri. Darasa nalo likasubiri. Akamaliza. Mtihani wa mwezi alipata 31, kwa hiyo msifikiri nauza muujiza. Ila baada ya hapo alikuwa ananiuliza maswali, na mtoto anayeuliza bado hajaondoka darasani.

Nilipomsimulia Mwanasheria, alicheka, akasema, "Basi sawa. Snape namheshimu kama jasusi. Lakini mwanangu simpeleki darasani kwake."

Kwangu hiyo inatosha, na wala sihitaji ahamie kwa Neville. Mtu anaweza kuifia nchi yake na bado akawa mwalimu anayeogopewa kuliko zimwi. Ushujaa wake haufuti alichofanya darasani.

Kwa hiyo, wenzangu mnaopanga mabegi ya TP: mkifika, watawapa daftari la mahudhurio, na kuna jina watakalowaambia msijisumbue nalo. Lisomeni vizuri, mlitamke inavyotakiwa, na siku ya kuanza igizo mlikumbuke.