Kulichunguza Gitaa la Besi la Zamani

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikizeeka thamani yake hupungua. Kwa baiskeli na viatu ni kweli. Lakini magitaa ya besi ya umeme yaliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 hayafuati kanuni hiyo. Kadiri yanavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda, mradi yawe yamebaki kama yalivyotoka kiwandani. Neno hilo "mradi" ndilo lenye kazi.

Mimi nimelijua jambo hili kwa mjomba wangu wa Morogoro, ambaye hutengeneza magitaa na kuyauza. Mji huo ndio uliokuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na mpaka leo wazee waliopiga dansi hupita karakanani kwake. Wakati wa likizo mimi humshikia bisibisi.

Gitaa linalotafutwa sana ni Precision Bass, alilolitoa Leo Fender huko California mwaka 1951. Kabla ya hapo mpigaji wa besi alibeba chombo cha kusimama kirefu kuliko yeye mwenyewe. Jazz Bass ilifuata mwaka 1960. Kisha, mwezi wa Januari 1965, kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13, na tangu hapo wanunuzi husema "kabla ya CBS" kama sisi tusemavyo "kabla ya Uhuru". Kwa maoni yangu wanatia chumvi, maana mafundi na mbao hawakubadilika usiku mmoja. Hata hivyo bei husikiliza wanunuzi, haisikilizi maoni yangu.

Mtu asiyejua hutazama namba iliyogongwa kwenye kibamba cha chuma nyuma ya gitaa, akaridhika. Namba hiyo haitoshi. Kiwandani vibamba havikufungwa kwa kufuata mfululizo, tena kibamba hushikwa na skrubu nne tu, na mtu aweza kukihamisha kwa muda wa kunywa chai. Yapasa shingo ifunguliwe. Mwishoni mwa shingo, pale inapoingia mwilini, mara nyingi pana tarehe: ya penseli katika magitaa ya kwanza, na ya muhuri wa wino tangu mwaka 1962. Kisha huangaliwa potenshometa, yaani vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. Ukikuta 3046320, 304 ni kiwanda kilichokitengeneza, 63 ni mwaka 1963, na 20 ni juma la ishirini. Gitaa haliwezi kuwa la kabla ya juma hilo, ikiwa kifaa hakikubadilishwa; lakini laweza kuwa la baadaye, kwa kuwa vifaa vililala ghalani. Ndiyo sababu mjomba hutazama pia lehemu kama imewahi kuguswa.

Rangi ndiyo yenye ugomvi. Gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei, hata kama limependeza kuliko mwanzo. Wakati ule Fender walipigilia misumari midogo mwilini ili rangi ikauke bila kugusa meza, kisha wakaing'oa. Basi chini ya bamba la plastiki hubaki vitundu. Vikiwa na mbao tupu ndani, ni dalili njema. Vikiwa vimejaa rangi, mtu mwingine amepita hapo na brashi yake.

Lakini mabadiliko hayawi hasara siku zote. Paul McCartney alinunua besi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961, ikapakwa rangi upya mwaka 1964, ikaibwa London mwaka 1972. Ilipotangazwa mwezi wa Februari 2024 kwamba imepatikana, ile rangi ya pili ilikuwa miongoni mwa alama zilizoitofautisha na nyingine za namna yake.

Likizo iliyopita alikuja mama mmoja, mjane wa mpigaji aliyekuwa rafiki wa mjomba, na besi ya Fender ndani ya gunia. Alitaka bei ya mabati ya nyumba. Tulilifungua mbele yake. Shingo ilikuwa na muhuri wa 1964, potenshometa za mwaka huo huo, na lehemu haijaguswa. Vitundu vya misumari vilijaa rangi nyekundu, na vikazio vya nyuzi vilikuwa vya kigeni. Mjomba akasema, "Shemeji, kwa bei hiyo silinunui." Mama akadhani anapatana bei, akapunguza. Ilibidi mjomba aeleze mara mbili kwamba gitaa, pamoja na dosari zake, lilizidi mabati yale mara nyingi, na kwamba yeye hana fedha za namna hiyo.

Fundi mwenzake alimlaumu jioni ile. Alisema biashara ni biashara, na bei ameitaja mwenyewe. Mimi sikubaliani naye. Khanga mnunuzi na mwuzaji huishika wote wawili wakaiona. Hapa bei imeandikwa ndani, chini ya skrubu, na msomaji ni mmoja tu.

Mjomba aliandika karatasi: upande mmoja vilivyo vya asili, upande wa pili vilivyobadilishwa, rangi ikiwa ya kwanza. Alimwambia asikubali mnunuzi yeyote asiyeitaka karatasi hiyo. Gitaa halijauzwa bado. Mwanawe mkubwa anataka liuzwe upesi. Mdogo ameanza kujifunza kulipiga.