Mama Mkwe Alidhani Mimba, Kumbe Utumbo!

Mashosti, tumbo linaweza kutikisa ndoa. Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilianza kuamka saa nane usiku, tumbo linawaka moto juu ya kitovu. Nikila kipande cha mkate linatulia, baadaye linarudi. Asubuhi ni kichefuchefu. Mama mkwe akaniangalia, akatabasamu: "Hongera, mwanangu!" Mume wangu naye akaanza kuchagua majina.

Kipimo cha mimba kikasema hapana. Nyumba ikapoa ghafla. Minong'ono ikaanza, eti nina chango la uzazi, nitafutiwe mitishamba.

Mimi nikaenda hospitali. Daktari akanifanyia kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni. Akakuta ngozi laini ya ndani ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba unapoungana na mfuko wa chakula, imevimba na kuwa nyekundu. Chanzo ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Huyu huharibu utando unaotukinga, asidi ikapata pa kuchoma. Kwa wengine chanzo ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini.

"Kwa hiyo siyo mawazo tu, dokta?" Akacheka. Kumbe zamani hata madaktari wengi walilaumu mawazo na pilipili. Mwaka 1984, Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao mwenyewe ili athibitishe, tumbo likavimba kweli. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Siku ya majibu nilikwenda na mume wangu. Nilitaka asikie kwa masikio yake kwamba utumbo na mfuko wa uzazi ni vitu viwili tofauti. Alisikia, na jioni alimweleza mama yake mwenyewe. Minong'ono ikafa.

Nilimeza antibayotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, mdomo mchungu kama shubiri. Zaidi ya wiki nne baada ya kumaliza dozi, kipimo cha choo kikaonyesha bakteria wameisha. Sasa nalala hadi asubuhi.

Dada, ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu au unakonda bila sababu, usisubiri, wahi hospitali.

Mtoto bado hatujapata. Ila safari hii tunakwenda kupima wote wawili.