Njia ya Mkato

Mwaka 1969, nilipoanza darasa la kwanza, kulikuwa na njia mbili za kutoka kwetu hadi shuleni. Ya kwanza ilikuwa barabara ya magari ya chai, iliyouzunguka mlima mzima. Ya pili ilikuwa njia ya mkato. Ilipita katikati ya msitu, ikashuka hadi kijitoni, ikapanda tena juu ya mawe yenye utelezi, kisha ikatokea nyuma ya vyoo vya shule. Sikumbuki mtoto hata mmoja wa kwetu aliyepita barabarani.

Kwetu ni Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Mvua ya huku inakaribia milimita 2000 kwa mwaka, na asubuhi nyingi ukungu unaingia hadi jikoni. Baba alikuwa mfanyakazi wa shamba la chai. Mama alikuwa na iliki zake chini ya miti mikubwa, kama majirani wengi wa wakati huo. Alfajiri tulitoka kundi la watoto kumi au kumi na wawili. Dada wa darasa la sita alitangulia na fimbo ya kupigia umande na kushtulia nyoka, na mdogo kuliko wote alitembea katikati. Mdogo huyo nilikuwa mimi.

Siwezi kuhesabu tuliyoyajifunza katika mwendo ule wa dakika arobaini. Hondohondo wakipita juu, mabawa yao yanavuma kama kitu kizito kinachoburutwa angani, na sisi tulijua kwamba wakishavuka bonde kuelekea mikuyu ya ng'ambo, kengele imekaribia. Tuliujua upupu kabla hatujaugusa. Tulijua kwamba ukiwakanyaga siafu hukimbii ovyo, unaruka kwanza hadi kwenye jiwe, ndipo unachambua miguu. Tulijua ni jiwe gani la kijitoni linalocheza na ni lipi limetulia. Wakati wa kurudi tulikata magamba ya mgomba, tukayakalia na kuserereka mteremko mzima mpaka sare zikageuka rangi. Palikuwa na kamba-mwitu nene iliyoning'inia kutoka kwenye mti mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa pembea yetu. Kombolela tuliicheza kwenye mnyasa, mti ambao mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta. Watoto watano hujificha humo na usimwone hata mmoja.

Darasani hakuna aliyetuuliza habari za huko. Siku ya kwanza mwalimu alituagiza kila mmoja alete vijiti ishirini vya kuhesabia, vilivyolingana urefu na kufungwa kamba. Tukavikata njiani. Msitu ulioingia darasani ulikuwa huo tu: vijiti ishirini, vikavu, bila gome. Na aliyefika na tope magotini alichapwa.

Sikuona ubaya wakati ule. Ndivyo shule ilivyokuwa.

Katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa ya themanini ilikuja misumeno ya mbao. Njia yetu ilipanuliwa kwa ajili ya matrekta, ikawa jeraha jekundu ubavuni mwa mlima. Mivule iliondoka, mitambara ikaondoka, na mti wenye pembea yetu nao ukaondoka. Nilikuwa sekondari wakati huo. Nilirudi likizo, nikasimama mahali palipokuwa na kivuli, jua likinipiga utosini. Uvunaji ule ulikomeshwa katika nusu ya pili ya miaka ya themanini, baada ya kelele nyingi za watu waliojua kwamba maji ya Mto Zigi, yanayonywewa na jiji la Tanga, yanaanzia chini ya miti hii.

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1982, katika milima hiyohiyo, nikapewa darasa la kwanza na la pili. Nilikaa huko karibu maisha yangu yote ya kazi kwa hiari yangu, kwa sababu naamini mtoto wa miaka saba ndiye mwanafunzi mgumu na mtamu kuliko wote. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa bado ndiyo mwongozo wetu, na niliiheshimu. Nilipenda wazo la shule isiyomtenga mtoto na maisha ya kwao. Lakini kwa watoto wadogo, nilichokiona mikononi mwao kilikuwa jembe, ndoo na mzigo wa kuni. Kutoka nje ya darasa kulikuwa kazi au adhabu. Sisi walimu, nami nikiwemo, hatukufikiri kwamba mtoto anaweza kutolewa nje ili atazame tu, aguse, aulize, acheze.

Kisha ukaja uhifadhi. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta zaidi ya 8,000. Nilifurahi, na bado nafurahi. Bila hatua ile nisingekuwa na msitu wa kusimulia. Ila kwa watoto ilileta jambo ambalo halikukusudiwa na mtu. Njia ya mkato haikufungwa kwa kufuli. Wazazi ndio walioifunga kwa maneno. "Ukipita huko bwana miti atakukamata." Ilikuwa njia rahisi ya kumzuia mtoto asiende kukata fito, na ikazaa kizazi kilichokuwa kikiuona msitu kila siku dirishani na kuuogopa kama kituo cha polisi. Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la pili wachore msitu. Nilipopita kwenye madawati nilikuta miti miwili mitatu, na katikati ya karatasi nyingi mtu mwenye kofia na bunduki, au kibao. Mmoja aliandika kwenye kibao chake, kwa herufi alizojifunza kwangu: USIINGIE. Nilimpa alama ya vizuri kwa mwandiko. Usiku ule sikulala.

Mabadiliko yalianza kwa shida. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto waliokuwa wamebaki majumbani walimiminika. Mwaka 2002 darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 112 katika chumba kimoja. Nikaligawa: nusu ndani, nusu chini ya mfenesi uwanjani, na baada ya mapumziko wanabadilishana. Baada ya wiki chache nikaona jambo nisilolitarajia. Palikuwa na mtoto wa kiume ambaye ndani ya chumba hakuvuka kumi katika kuhesabu. Aliinamisha kichwa na kunyamaza. Siku fenesi lilipoanguka likapasuka, alichuchumaa, akazipanga kokwa juu ya mzizi moja moja, akahesabu hadi thelathini na nne bila kukosea, kisha akaniambia tatu zimeoza kwa hiyo zimebaki thelathini na moja. Sikuwa bado nimewafundisha kutoa.

Nikaenda kwa bwana miti kuomba ruhusa ya kuwaingiza watoto msituni. Alinisikiliza, akasema yeye mwenyewe atatuongoza. Kwa wanafunzi wakubwa mambo hayo hayakuwa mageni. Klabu za Malihai zilikuwapo nchini tangu 1980, na Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Lakini watoto wa miaka saba walionekana wadogo mno.

Safari ya kwanza niliiharibu. Niliwapanga mistari miwili, wameshikana mikono, madaftari kwapani. Kila penye mti tulisimama, bwana miti akataja jina, nami nikaamuru waandike. Saa mbili nzima. Walirudi wamechoka, na kesho yake nilipouliza, walikumbuka jina moja tu, la mti ambao mtoto mmoja alijikwaa kwenye mzizi wake.

Safari ya pili iliokolewa na mvua. Ilitukuta mbali na kibanda chochote, tukakimbilia kwenye mnyasa mkubwa. Watoto walijibana kati ya zile kuta za mizizi, na mvua ilipopungua hawakutoka. Wakaanza kugawana vyumba. Hapa ni kwa mama, hapa dukani, hapa zahanati. Majani mapana yakawa noti, madogo yakawa chenji. Msichana mmoja akawa muuza duka na kukataa jani lililotobolewa na mdudu, kwamba fedha hiyo imechanika. Tunda la msambu, kubwa na la kahawia, likawa mtungi wa maji, likabebwa kichwani kwa uangalifu mkubwa. Mimi na bwana miti tulikaa juu ya gogo. Nilikuwa na daftari la maandalio ya somo mkononi, nikalifunga.

Baada ya muda bwana miti alinyoosha kidole polepole. Kwenye kijiti, hatua tatu kutoka dukani, alikuwapo kinyonga wa pembe. Kwetu kinyonga anaogopwa. Watu wazima wanamkwepa, wengine wanamuua. Watoto walirudi nyuma wote. Hatukuwaambia kitu. Yule muuza duka ndiye aliyerudi kwanza, akachutama, akatazama macho yale yanayogeuka kila moja upande wake. Ilipita labda robo saa. Kisha akaweka kidole mbele ya kijiti, na kinyonga akapanda, mguu mmoja, akatulia, mguu wa pili. Mtoto akanong'ona: "Mwalimu, ana mikono ya baridi." Wiki ile yote, watoto 112 walitaka kujua kuandika neno kinyonga, ambalo halina ng'. Tulijadili hilo kwa siku mbili: kwa nini ni ng na si ng'.

Tangu siku ile nilibadili utaratibu. Kila Ijumaa, mvua isipokuwa kali, darasa moja lilikwenda, na mchezo ulitangulia somo. Wanafunzi wa darasa la sita walikuja kama kaka na dada, mmoja kwa watoto watano. Sheria ilikuwa moja: nilitundika kanga yangu nyekundu kwenye tawi, na mtoto aliruhusiwa kwenda popote ambapo bado anaiona. Akiipoteza machoni, anarudi hadi aione tena. Katika miaka ishirini sikupoteza mtoto.

Wazazi hawakukubali upesi. Mama mmoja alikuja akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Njema. Mwalimu, samahani. Msituni mwanangu nitampeleka mwenyewe, ndiko tunakotafuta kuni. Shuleni namleta asome."

Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikutaka kumshinda. Alikuwa na haki. Nilimwomba aje Ijumaa moja. Alikuja, akakaa kwenye gogo, na kabla ya saa kwisha alikuwa anawaonyesha watoto jani la kutibu kidonda, nao wakimzunguka kama kuku na mtama. Baada ya hapo alikuja mara nyingi.

Maswali yao yalinifundisha hata mimi. Palikuwa na sehemu ambapo michipukizi ya mhesi imesongamana, na mtoto akauliza nani kaipanda, mbona haina mistari. Nilijua kwamba mhesi si mwenyeji wa milima hii, uliletwa na kupandwa, kisha ukasambaa. Sikujua ulivyofika pale. Tukakaa kimya tukingoja. Hondohondo wawili wakatua juu, na mbegu zikaanza kudondoka. Kelele walizopiga watoto ziliwafukuza ndege wale. Siku nyingine tulikuta dughulushi kwenye mwamba wa kijitoni, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Niliwaambia kwamba mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga alilichukua ua hili akapeleka mbegu kwao, na leo linakaa ndani ya vikopo kwenye madirisha ya Ulaya. Walinyamaza. Mmoja akauliza: "Huko wanalinyeshea na maji ya wapi?"

Mtaala wa mwaka 2015 uliweka nguvu kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ni sawa, mtoto lazima ajue kusoma. Ijumaa zangu zilibanwa. Ndani ya mtaala huo, hata hivyo, lilikuwamo somo la Kutunza Afya na Mazingira, na hapo niliingiza mguu nikauzuia mlango usifungwe kabisa. Nilistaafu mwaka 2022. Walionifuata wanakwenda mara chache, wakipata nafasi. Siwalaumu, najua idadi ya watoto walio nao. Lakini inaniuma.

Siku hizi watoto wengi wanapita barabarani, wamepanda bodaboda, watatu kwa pikipiki moja. Njia ya mkato imeota. Ukiwa mgeni huwezi kujua kama palikuwa na njia.

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Tanga. Ana miaka saba, anasoma shule ya kutwa yenye uwanja wa saruji, na mti pekee anaoujua kwa jina ni mwembe wa jirani. Nilimpeleka hadi kijitoni, nikamwambia maji haya yanaingia Zigi, yanakwenda hadi bwawa la Mabayani, kisha kwenye bomba la kwao. Akatumbukiza mguu, akautoa, akautumbukiza tena. Kisha akatazama majani yaliyofunga mbele yetu.

"Bibi, njia iko wapi?"

Nilikuwa nimeibeba ile kanga. Wekundu wake umeondoka, umebaki kama rangi ya tofali la zamani. Nikaitundika kwenye tawi na kumweleza sheria. Alikwenda hatua tano, akageuka. Akaenda kumi. Nikasikia vijiti vikivunjika, kisha kicheko, kisha kimya, na moyo wangu ukanyanyuka kama siku zote.

"Bado naiona!" akapiga kelele kutoka nyuma ya mnyasa.

Nikaisogeza kanga tawi moja juu, ili aione akiwa mbali zaidi.